Kocha Aliyekawia Kuagwa

Nchi yetu, kwa ninyi ambao hamkubahatika kuzaliwa humo, ni nchi ya amani, utulivu na mpira wa miguu. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Ni kwamba lilibadilishwa hivi karibuni na bado halijatoka kwenye Gazeti la Serikali. Itoshe kusema kwamba tumepakana na majirani wanaotuonea wivu pande zote nne, na upande wa tano, ambao Wizara ya Ramani inaendelea kuutafuta, inasemekana nako tunaonewa wivu vilevile.

Mimi ni mwandishi wa michezo wa gazeti la umma. Gazeti letu halijawahi kusema uongo, kwa kuwa halijawahi kuulizwa. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia mnaweza kuyapokea kwa mikono miwili.

Kwetu kila raia huzaliwa kocha. Mkunga akishamkata mtoto kitovu humtazama miguu, akatikisa kichwa na kusema, "Huyu winga, ila wasimchezeshe kushoto." Kwa sababu hiyo timu yetu kubwa ya kulipwa, Ngurumo ya Taifa, haijapata kukosa ushauri. Golikipa wake alichaguliwa na Wizara, maana lango ni suala la usalama wa nchi. Mabeki waliletwa na Kamati ya Ufundi, yenye wajumbe wazito kweli: mmoja alikuwa na duka la mabomba, mwingine kiwanda cha magodoro, na wa tatu alikuwa na sauti. Mshambuliaji wa kati alikuwa Rashadi, mpwa wa Mfadhili, kijana mwenye adabu sana ambaye mpira ukimjia husogea kando kuupisha. Na mtaalamu wetu wa mambo ya jadi, aliyeajiriwa kama Mshauri wa Hali ya Hewa, ndiye aliyeamua timu iingie uwanjani kwa mlango gani, au hewa ya milangoni ikiwa mbaya, iruke ukuta.

Kocha naye alikuwapo. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni, kupunga mikono, na timu ikishindwa, kulaumiwa. Kwa kazi hiyo alipewa koti zuri sana.

*

Kocha mwenyewe aliitwa Hemedi Kilumanga, mtu wa makamo, mpole, mwenye kipara kilichoiva kwa jua la pembeni mwa uwanja. Alikuwa amesomea ukocha hapa na ng'ambo. Tangu aanze kuifundisha Ngurumo hakuwahi kupanga hata mchezaji mmoja. Mara moja tu alijaribu kumchagua mtu wa akiba, akaambiwa kwa upole kwamba hata benchi lina wenyewe.

Basi akabaki na hamu moja, na hamu hiyo ilimnyima raha mchana kutwa: kabla hajafa apange watu kumi na mmoja anaowataka yeye, wacheze dakika tisini, liwalo na liwe.

Mambo yalifika pabaya katikati ya msimu. Siku hiyo Ngurumo ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa mabao matatu, na Mwenyekiti wa klabu, Bwana Gaudensi Kipande, akaingia chumba cha kubadilishia nguo na tumbo lake likiwa limetangulia.

"Kocha, mpira tunaucheza sisi, magoli wanafunga wao. Tatizo nini?"

"Tatizo tuna mabeki saba uwanjani, Mwenyekiti."

"Kamati iligawanyika, kaka. Kila upande ukaleta wa kwake. Ungefanyaje?"

"Na kiungo hatuna hata mmoja."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Kiungo hakuna mjumbe aliyemleta. Sasa tungemtoa wapi?"

Kesho yake kocha alipigiwa simu na Bi. Editha Mlowe, Mkuu wa Chuo cha Ufugaji Nyuki, kilichoko huko milimani ambako barabara ya lami huishia ikijifikiria. Bi. Editha hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Kocha, timu yangu ya wanachuo haina mwalimu. Njoo."

"Huko kwenu," kocha akauliza taratibu, "kikosi kinapangwa na nani?"

"Na kocha. Kwani kwenu kinapangwa na nani?"

Kocha alivuta kiti akakaa.

"Mipira mnayo?" akauliza.

"Tunayo miwili. Mmoja una kiraka, lakini unadunda."

"Na mfadhili?"

"Nyuki," alisema Bi. Editha. "Ila usikawie. Mashindano ya vyuo yakianza hujafika, timu nampa mwalimu wa hesabu. Ameshaanza kuulizia bei ya filimbi."

*

Habari kwamba Kocha Kilumanga anaiacha timu ya kulipwa katikati ya msimu ili akafundishe wanafunzi wa nyuki ilitikisa taifa. Redioni wachambuzi walieleza kwamba jambo kama hilo halijapata kutokea popote duniani. Msikilizaji mmoja akapiga simu kusema limepata kutokea, tena si mara moja, akakatwa kwa sababu za kiufundi. Mfadhili alilia hadharani. Rashadi mpwa wake aliuliza kama chuo hicho kinapokea na washambuliaji.

Mwenyekiti Kipande hakukasirika. Alimshika kocha bega akamwambia, "Kwenda utakwenda, kaka. Nani amezuia? Ila uagwe kwanza."

Hapo niwaeleze mila yetu, maana ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo. Kwetu mtu haondoki hivihivi kama moshi. Lazima aagwe, na haagwi na yeyote tu. Mfagizi huagwa na karani, karani huagwa na mkurugenzi, na kocha wa Ngurumo, kwa uzito wake, huagwa na Waziri wa Michezo, Shangwe na Vikombe. Mpaka mgeni rasmi huyo ashike kipaza sauti na kutamka "Nenda kwa amani," anayeondoka ni muagwa, maana yake hajaondoka na wala hayupo.

Na muagwa hapingwi. Wazee wetu waliona kwamba mtu akiondoka na kinyongo huondoka na mvua. Kwa hiyo lolote atakalosema muagwa, liwe jema liwe la ovyo, hujibiwa kwa maneno mawili ya heshima: "Tutakukumbuka daima."

Sherehe iliandaliwa Ukumbi wa Maendeleo. Kulikuwa na matarumbeta, pilau, na mbuzi mzima wa ndafu aliyekaa juu ya meza na majani mengi mdomoni kuliko kawaida ya mbuzi aliye hai. Kiti cha mgeni rasmi kilivikwa kitambaa cheupe na utepe mgongoni. Mchana mshereheshaji alitangaza kwamba Mheshimiwa Waziri, Dokta Polikarpo Mandawa, yuko njiani. Alasiri akatangaza kwamba yuko njiani zaidi. Jua lilipoanza kuzama ikabainika kwamba njia yenyewe ilikuwa ya wilaya nyingine, alikokwenda kuzindua choo cha shule, na kwamba hotuba yake huko ilikuwa haijafika katikati.

Mbuzi aliliwa kwa niaba yake. Kocha Kilumanga alirudi nyumbani akiwa bado muagwa, na masanduku yake yakabaki mlangoni.

*

Jumapili iliyofuata Ngurumo ilikuwa na mechi, na kwa kuwa kocha alikuwa hajaondoka, alikwenda uwanjani. Mwenyekiti Kipande akamjia na majina ya kikosi kama ilivyo ada, kila jina na mjumbe wake.

"Leo," alisema kocha, na mimi nilikuwapo nikamsikia, "leo napanga mimi."

Mwenyekiti alifungua kinywa kubisha. Kisha akakumbuka mila. Nilimwona akimeza yale maneno moja moja, makavu, bila maji.

"Tutakukumbuka daima, Kocha," akasema.

"Rashadi akae benchi."

"Tuta... tutakukumbuka daima."

"Na tunaingia kwa mlango wa mbele, kama watu."

Mshauri wa Hali ya Hewa alishika kichwa, lakini naye ni mtu wa mila. Ngurumo iliingia kwa mlango, ikiwa na viungo wawili waliookotwa kutoka timu ya vijana, ikashinda tatu bila. Rashadi alikaa benchi akitafuna karanga, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alionekana ana furaha.

Mechi iliyofuata wakashinda tena. Na nyingine. Kutoka karibu na mkia wa ligi wakapanda, wakapanda, hadi timu zilizokuwa zikitufunga zikaanza kutuamkia. Taifa lilichanganyikiwa kwa raha. Na kwa kuwa ushindi hauna yatima, kila bao lilipata wazazi wengi. Mfadhili alieleza kwamba kumweka Rashadi benchi ulikuwa mkakati wake wa siku nyingi. Kamati ya Ufundi ilijipongeza kwa kutokutana. Wizara ilitoa tamko kwamba mlango wa mbele ulijengwa na serikali.

Hapo viongozi wa klabu wakang'amua jambo, maana si watu wa kulala: timu inashinda kwa sababu kocha hapingwi, kocha hapingwi kwa sababu ni muagwa, na atakuwa muagwa mradi mgeni rasmi hajafika. Basi kila Wizara ilipopendekeza siku ya kumuaga kocha, klabu ilijibu kwa masikitiko kwamba siku hiyo ukumbi una harusi. Hakujapata kuwa na msimu wa harusi kama ule. Watu walioa waume kwa wake, na ukumbi wenyewe ulikuwa mtupu.

*

Na kocha? Niseme kweli, alianza kunogewa. Siku moja alirudi nyumbani mchana anapiga mluzi, akajikwaa kwenye masanduku yake mwenyewe. Mkewe, Bi. Zamzam, alikuwa anachambua mchele barazani.

"Mume wangu," alisema bila kuinua macho, "wewe unaondoka, au unaondokaondoka?"

"Mke wangu, sasa wananisikiliza! Nilichokuwa nakitafuta huko milimani nimekipata hapahapa."

"Wanakusikiliza?"

"Kila neno."

"Hata mgonjwa mahututi huulizwa anataka kula nini. Siku akipona, nani atamuuliza tena?" Akapeta mchele, pumba zikaruka. "Kawajaribu. Waambie neno la kipumbavu, uone."

Kocha alicheka, lakini neno lile halikumtoka. Alasiri ile alikwenda kwenye kikao cha klabu, akasimama na kusema kwa uso mkavu, "Jumatano nampanga dereva wa basi awe golikipa. Na kipindi cha pili tucheze na viatu mkononi."

Akasubiri. Alitamani, jamani, mtu mmoja tu anyanyuke na kusema, "Kocha, umerukwa na akili?" Angemkumbatia.

"Tutakukumbuka daima," waliitikia wote kwa pamoja, na Mwenyekiti akaongeza makofi.

Kocha alielewa kwamba zamani alikuwa hapangi kikosi kwa sababu kila mtu anampinga, na sasa hapangi kikosi kwa sababu hakuna anayejali anasema nini. Ushindi wote ule ulikuwa umegawanywa kama nyama ya shughuli na yeye hajaonja hata mchuzi. Alifuta dereva wa basi, akatoka nje. Huko nje simu yake ikalia.

"Kocha," alisema Bi. Editha, "mashindano ni Jumamosi. Mwalimu wa hesabu ameshanunua filimbi. Anaipuliza hata darasani."

"Nitakuja, Mkuu."

"Ulisema hivyo na mwezi uliopita."

"Nitakuja hata kama itabidi nijiage mwenyewe."

"Huwezi," alisema Bi. Editha kwa upole. "Huna cheo hicho."

*

Kiongozi wa kwetu anaweza kuchelewa maziko, harusi na vita, lakini hachelewi ushindi. Jumatano ile Ngurumo ikiwa kileleni mwa ligi, Mheshimiwa Dokta Polikarpo Mandawa alitokea uwanjani bila kualikwa, na msafara wa magari yenye ving'ora, ili apigwe picha na vijana wake. Mwenyekiti Kipande alipoona bendera ya gari alimficha mshereheshaji chooni. Alificha na vipaza sauti. Lakini Waziri kamili hakosi kipaza sauti, cha kwake husafiri naye kwenye gari la pili.

Kipyenga cha mwisho kilipolia Ngurumo imeshinda, Mheshimiwa aliteremka hadi katikati ya uwanja, akakohoa, uwanja ukatulia. Kocha Kilumanga aliwapita askari na wapambe, akaenda moja kwa moja hadi mbele yake. Nyuma yake Mwenyekiti alikuwa anapunga mikono kuliko kocha yeyote niliyewahi kumwona.

"Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni muagwa. Nakuomba uniage, niende."

Waziri alimtazama kwa mshangao. "Lakini unashinda, Kocha! Kwani kuwa muagwa kuna taabu gani?"

"Hakuna taabu, Mheshimiwa. Sipingwi."

"Hupingwi?" Waziri alisogea karibu. Alisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi, nasi waandishi hatukuona adabu kumkumbusha. "Na magazeti?"

"Yananisifu."

"Na ukiharibu?"

"Naambiwa nitakumbukwa daima."

"Hata... hata bungeni?"

"Bungeni sijafika, Mheshimiwa. Lakini mila ni moja."

Waziri alifikiri. Uwanja mzima ulimsikia akifikiri, maana alikuwa anafanya hivyo kwa kupumua. Kisha akainua kidevu.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa! Kwa mamlaka niliyopewa namwambia kocha huyu shujaa: nenda kwa amani!" Makofi. Mwenyekiti Kipande alikaa chini kwenye nyasi. "Na kwa unyenyekevu mkubwa, natumia fursa hii adhimu, adimu na ya aina yake kutangaza kwamba hata mimi ninaondoka. Ninasubiri tu mgeni rasmi wa hadhi yangu aje aniage!"

Watu wote uwanjani, wenye tiketi na walioruka ukuta, wakaitika kwa sauti moja, "Tutakukumbuka daima!"

Nilimwona Waziri akifumba macho kwa raha.

Yaliyofuata mnayajua, au mnaweza kuyakisia. Kabla ya wiki kwisha Baraza zima la Mawaziri lilikuwa linaagwa. Wakuu wa mikoa wakafuata, na majaji, na mkurugenzi wa maji ambaye mabomba yake yalikuwa yameshaaga kitambo. Rais mwenyewe alitangaza kuondoka kwa machozi, akisubiri mgeni rasmi mkubwa kuliko yeye, kama katiba inavyotaka. Kamati ya kumtafuta mgeni huyo imeundwa na inafanya kazi kwa bidii, hasa katika nchi za baridi. Tangu hapo serikali yetu haijapingwa na mtu. Tuna utulivu mpaka tunaogopa kukohoa.

*

Mimi mhariri alinituma milimani Jumamosi ileile kuandika jinsi kocha alivyojuta.

Uwanja wa Chuo cha Ufugaji Nyuki umeinama kidogo, na nyuma ya lango la kaskazini kuna mizinga, kwa hiyo mpira ukipita juu ya mwamba wa goli hakuna anayeukimbilia ila mwenye wavu wa kichwani. Wapinzani walikuwa Chuo cha Uhazili, vijana wanaosomea kupiga taipu, wepesi wa miguu na vidole. Kocha alifika alfajiri na mkewe na masanduku. Mwalimu wa hesabu alimpa mkono, akaenda kupuliza filimbi yake kwa mbali.

Nilimkuta kocha amekaa peke yake kwenye jiwe, anapanga kikosi. Beki wa kushoto alimbadilisha mara kadhaa kichwani, akitabasamu, akikunja uso, akitabasamu tena. Hakuna aliyemjia. Mwishowe akamchagua kijana mmoja mrefu aitwaye Obadia, ambaye alikuwa amemwona asubuhi ile akibeba mzinga uliojaa nyuki bila kutikisika.

"Anayebeba mzinga hivi," aliniambia, "hawezi kubabaika na mpira."

"Nina shaka naye, Kocha," alisema Bi. Editha aliyekuwa amesimama karibu. "Kijana huyu hajawahi kucheza hata mechi ya darasa dhidi ya darasa. Mimi ningemwacha."

Kocha alimtazama mama yule kana kwamba amempa zawadi. "Asante sana, Mkuu," alisema. "Umenipinga."

"Basi utamwacha?"

"Hapana. Nampanga."

Bi. Editha akainua mabega, akaenda kukaa na wanachuo wake.

Obadia alibabaika. Alibabaika tangu kipyenga cha kwanza hadi cha mwisho. Mpira uliomjia aliupokea kwa mikono miwili na kuutua chini taratibu, kwa uangalifu mkubwa, jambo ambalo mwamuzi hakulielewa. Wahazili walifunga matano bila jibu, na manne kati ya hayo yalipita upande wake. Bi. Zamzam alifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mwisho wa mchezo nikamfuata kocha na kalamu mkononi. Nikamuuliza swali ambalo kwetu huulizwa kila timu inapofungwa, na ambalo tume kadhaa za uchunguzi zimekufa zikiwa zinalitafutia jibu.

"Kocha, nani aliyempanga yule beki wa kushoto?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na sijaona mtu mwenye furaha vile tangu nianze kazi hii.

"Mimi," alisema. "Andika hivyo, ndugu yangu. Ni mimi peke yangu. Na Jumamosi ijayo nampanga tena."